Karamu ya Mwonjaji Asiyeonja

Wiki iliyopita mliniacha mlangoni kwangu, kadi ya mwaliko mkononi, mke wangu akicheka mpaka ameshika ukuta. Kwa aliyefungua gazeti hili leo kwa mara ya kwanza nitaeleza harakaharaka, maana aibu yangu sipendi kuizungukazunguka.

Mimi ni mwonjaji wa chai. Mwaka wa kumi na mbili huu, kila asubuhi nasimama kiwandani mbele ya meza ndefu yenye vikombe sitini. Nachota kijiko, nafyonza kwa kelele, nazungusha mdomoni, natema kwenye ndoo, kisha naandika: inafaa, au haifai. Nikiandika inafaa, chai inafungwa kwenye pakiti na kwenda madukani. Ulimi huu umenijengea nyumba ya vyumba vitatu, unawalisha pacha wangu wawili, na ndio uliomnyamazisha mama mkwe.

Siku ishirini na mbili kabla ya karamu, nilikuwa nimeshikilia bango la duka la shemeji yangu, yeye akiwa juu ya ngazi anapigilia misumari.

“Achia kidogo tuone kama limeshika,” akasema.

Nikaachia. Halikuwa limeshika.

Nilipozinduka sikuwa na kidonda, ila sikusikia ladha wala harufu. Ukinipa ndimu au mkate, kwangu ni kitu kimoja, chenye unyevu au kikavu. Daktari alisema mishipa ya pua imetikisika. Huenda mambo yakarudi kesho, huenda mwakani. Nilipouliza je, yasiporudi, akaita mgonjwa mwingine.

Sikumwambia mtu isipokuwa mke wangu. Mwonjaji asiyesikia ladha ni kama dereva asiyeona. Hapewi likizo huyo, anapewa barua ya kwaheri.

Basi hapa ndipo ninapokiri, na mnaonihurumia mkae tayari kunibadilikia. Sikuacha kwenda kazini. Kwenye meza ile tuko waonjaji wawili. Mwenzangu tunamwita Kijiko, kwa sababu hatembei bila kijiko mfukoni mwa shati, hata akienda msibani. Nilichofanya ni kumtazama Kijiko usoni. Nyusi zake zikipanda, naandika inafaa. Zikishuka, haifai. Kwa wiki tatu nzima nikatia sahihi chai ya nchi nzima kwa kusoma nyusi za mtu.

Na ile kadi je? Bosi wetu, Mama Mkurugenzi, alikuwa amelipia meza kwenye ukumbi wa hoteli kubwa. Chakula cha jioni, na mazungumzo ya mpishi maarufu wa runinga anayejiita Dokta Ladha.

“Mzee wa Malazi atakaa meza yetu,” aliniambia. Huyo ana nyumba za kulala wageni zaidi ya sitini, na Mama Mkurugenzi amemfukuzia miaka minne anunue chai yetu. “Usiku huohuo anatia sahihi. Nataka aone ndimi zinazolinda kiwanda changu. Wewe na Kijiko mtaonja kila kinacholetwa na mtamweleza.”

“Kila kinacholetwa, Mama?”

“Kila kitu, Baba Pacha. Usiniangushe.”

Ndiyo maana mke wangu alicheka. Alipomaliza kucheka akafuta machozi na kuvaa sura ya kazi. Mke wangu ni askari wa barabarani. Ameongoza magari kwenye njia panda kwa miaka tisa, na hakuna tatizo analoamini haliwezi kumalizwa kwa mkono.

“Sikiliza. Mimi nitakionja kabla yako. Mkono wa kulia juu, ni chumvi. Wa kushoto juu, sukari. Yote miwili, pilipili. Nikizungusha, uchachu.”

“Na uchungu?”

“Nikifika kwenye uchungu nitakuja kukuchukua twende nyumbani.”

Tukafanya mazoezi sebuleni mpaka pacha wakajua ishara zote.

Siku yenyewe ikafika. Mlangoni tu mambo yakaharibika. Binti wa mapokezi alitazama karatasi yake akasema wenza wa wageni wanakaa meza ya nguzoni, hatua kama ishirini kutoka yetu. Mke wangu akapima umbali kwa jicho.

“Nimewahi kusimamisha lori kwa mbali kuliko hapo,” akaninong’oneza. “Wewe nitazame tu.”

Nikakaa. Kulia kwangu Kijiko, suti imembana, kijiko kinang’aa mfukoni. Mbele yangu Mama Mkurugenzi. Pembeni yake Mzee wa Malazi, mtu mnene mtulivu ambaye hakuwa amemsalimia mtu zaidi ya kutikisa kichwa, na kalamu yake tayari iko mezani juu ya mkataba.

Taa zikapunguzwa. Dokta Ladha akapanda jukwaani na kofia ndefu kama bomba la jiko.

“Jamani! Ulimi ni nini?”

Ukumbi kimya.

“Ulimi ni mlango!”

Makofi.

“Na mlango ni nini?”

Kimya tena. Watu mia mbili wenye akili zao, wengine wana shahada, hawajui mlango ni nini.

“Mlango ni swali!”

Makofi yakawa makubwa zaidi, na mama mmoja nyuma yetu akafuta chozi.

Supu ikaletwa. Ya maboga, kwa rangi yake. Nikatia kijiko kimoja mdomoni. Maji ya moto, basi.

“Haya, Baba Pacha,” Mama Mkurugenzi akasema, akimgeukia Mzee wa Malazi kwa tabasamu. “Mwambie mgeni wetu supu hii inasemaje.”

Nikatupa jicho nguzoni. Mke wangu mkono wa kushoto juu, umenyooka kabisa.

“Ni tamu, Mama,” nikasema bila wasiwasi. “Sukari imeongoza.”

Mzee wa Malazi akafungua mdomo kwa mara ya kwanza. “Supu? Sukari?”

Nikatazama tena. Mke wangu alikuwa anashusha mkono na mhudumu anamwinamia, anamkabidhi kidude cha chumvi. Kumbe alikuwa anamwita mhudumu.

Lakini neno lilikuwa limeshatoka.

“Si sukari ya kuonekana, Mzee. Ni utamu wa chini kwa chini. Hauji wenyewe, unaufuata.”

Mama Mkurugenzi akachota, akafumba macho. “Naam! Chini kwa chini!”

Kijiko akachota. “Tena chini sana,” akasema, akitikisa kichwa kuliko wote.

Mzee wa Malazi akaonja mara mbili, akanitazama, akaonja tena. “Nimeufikia,” akasema.

Nilipaswa kufurahi. Badala yake roho ilinisinyaa, maana nilijua mlo una hatua tano na hiyo ilikuwa ya kwanza.

Huko nguzoni mke wangu alikuwa amegundua kosa na anataka kunirekebisha. Akanyanyua mkono wa kulia, kiganja wazi. Wahudumu watatu waliokuwa wanapita na sinia za kuku wakasimama pale pale. Wa nne akawagonga kwa nyuma. Hakuna aliyethubutu kusogea. Mke wangu akabaki amewatolea macho, kisha kwa vile hakuwa na la kufanya, akawapungia wapite. Wakapita kwa mstari. Mmoja, kabla ya kukata kona kuingia meza yetu, alinyoosha mkono kuonyesha anaelekea upande gani.

Kuku akawekwa mbele yangu. Kijiko hakuwa amegusa wake, ananisubiri. Mimi macho nguzoni, nasubiri mkono. Nikatia pande la kuku mdomoni bila kufikiri.

Na hapo miaka kumi na miwili ya kazi ikaniponza. Mdomo wangu umezoea jambo moja: kitu kikiingia mbele ya Mama Mkurugenzi, kinafyonzwa, kinazungushwa, kinatemwa. Mimi akili iko kwa mke wangu, mdomo ukaendelea na kazi yake. Nikafyonza. Nikazungusha. Nikageuka upande ambao ndoo hukaa, nikatema.

Palikuwa na chombo cha maua.

Ilikuwa bahati yangu mbaya kwamba Dokta Ladha alikuwa amenyamaza kidogo ili watu watafakari. Ukumbi mzima ulisikia. Na Kijiko, kuona nimetema, naye akatema, kwenye kikapu cha mikate.

“Nani,” Dokta Ladha akauliza polepole, “ametema kuku wangu?”

Nikatamani ardhi inifungukie. Mama Mkurugenzi akasimama. Nilidhani anakuja kunikana. Kumbe anaona fahari.

“Hao ni waonjaji wangu!” akasema kwa sauti ya mkutano wa hadhara. “Hawamezi ovyo! Ndimi bora kabisa katika biashara ya chai!”

Uso wa Dokta Ladha ukafunguka. “Kumbe tuna wataalamu! Mbona hamsemi? Waleteni jukwaani!”

Makofi. Kule nguzoni mke wangu anatikisa kichwa, hapana, hapana, na mikono yote miwili juu. Pilipili, nikawaza kwa ujinga wangu, na huku naondoka kitini.

Jukwaani waliweka viti viwili na meza ndogo yenye birika. Dokta Ladha akaeleza mchezo. Tutafungwa vitambaa machoni, tutaonja chai, tutausimulia ukumbi. Na si chai ya mtu mwingine. Ni mchanganyo mpya wa kiwanda chetu wenyewe, Mama Mkurugenzi alikuwa ameleta sanduku zima kama zawadi.

“Wageni wote mtamiminiwa vikombe vyenu,” akasema. “Mtakunywa pamoja nao. Mtaona wenye ndimi wanavyoona!”

Kitambaa kikanifunika macho. Mke wangu akapotea. Sikuwa na mkono wa kulia wala wa kushoto. Nikabakiwa na tegemeo moja tu hapa duniani, Kijiko, na nyusi zake sizioni. Nikaamua kumwachia aanze, halafu mimi nimuunge mkono.

Tukawekewa vikombe. Nikafyonza. Maji ya moto. Nikasubiri Kijiko aseme.

Hakusema.

“Tangulia,” nikamnong’oneza.

“Aa, tangulia wewe kaka.”

“Kijiko, leo anza wewe.”

“Nitaanzaje mimi na mkubwa yupo?”

Ukumbi ukaanza kukohoa. Nikaona maji yamenifika shingoni, nikasogeza mdomo mpaka sikioni mwake.

“Kijiko, nisikilize. Mimi sisikii ladha. Wiki ya tatu hii. Nimekuwa nafuata nyusi zako. Sema chochote, uniokoe.”

Nikasikia anageuka kitini.

“Nyusi zangu?” akasema. “Kaka, mimi nafuata uso wako.”

“Tangu lini?”

“Tangu naajiriwa. Mwaka wa nane. Homa ilinichukua ulimi nikiwa kijana. Nilikuja kwenye usaili nikakuona umekunja pua, na mimi nikakunja pua, nikapata kazi. Nina mama mgonjwa, kaka. Sijui kazi nyingine.”

Wasomaji wangu, nilikaa pale nimefungwa macho nikapiga hesabu. Kwa wiki tatu mimi nilimtazama yeye, naye alinitazama mimi. Nikipandisha nyusi kwa sababu zake zimepanda, zake zilipanda kwa sababu zangu zinaelekea kupanda. Chai yote iliyotoka kiwandani ilipitishwa na watu wawili wanaotazamana.

Nilitaka kumkaba. Halafu nikataka kucheka. Sikufanya lolote kati ya hayo, maana Dokta Ladha alikuwa ameniwekea maikrofoni mdomoni.

“Mtaalamu! Unasikia nini?”

Nikapiga moyo konde.

“Maua,” nikasema.

“Maua!” Dokta Ladha akapokea. “Maua gani?”

“Ya porini. Yale yanayoota peke yake. Na juu yake... mvua ya kwanza.”

“Mvua!” Nikasikia amefyonza chake. “Jamani, mvua nimeisikia tangu jikoni, nilikuwa najiuliza ni nini! Kunyweni!”

Vikombe mia mbili vikanyanyuliwa. Kisha sauti zikaanza, mmoja hapa, mwingine pale. “Kweli maua.” “Mimi nasikia na asali.” “Hii mvua ya jioni au ya asubuhi?” “Ya asubuhi, hebu kunywa tena.”

“Na wewe, mwenzake?”

“Maua,” Kijiko akasema. “Mvua imo.”

Nikahema. Tumepona. Nikachota kijiko cha pili ili tu mikono iwe na shughuli.

Mnajua umeme unavyorudi baada ya kukatika siku nzima? Friji inaguruma, redio uliyokuwa umesahau kuizima inapiga kelele, na taa ya chooni inawaka yenyewe. Ndivyo ilivyokuwa. Kwanza kitambaa changu kikaanza kunuka vitunguu. Kisha nta ya sakafu. Kisha jasho la Kijiko, kisha manukato ya watu wa meza ya mbele, yote kwa pamoja, kila kitu kwa nguvu zake.

Umerudi. Ulimi wangu umerudi!

Machozi yalinitoka na sioni haya kusema. Niliwawaza wanangu, vichwa vyao wakitoka kuoga, harufu ambayo kwa wiki tatu nilikuwa naitafuta kila usiku kwa kuwainamia kitandani bila kuipata. Leo nikifika nitawaamsha wote wawili niwanuse, na mama yao apige kelele anavyotaka. Nilifurahi kiasi kwamba nilisahau kuna chai mdomoni.

Kisha chai yenyewe ikafika.

Sabuni.

Si ya kunawia mikono. Ya unga, ya kufulia, ile ya paketi kubwa. Ilikaa kwenye ulimi, ikapanda puani, ikashuka kooni. Na mimi mtu wa kazi hii nikajua mara moja imefikaje. Chai hunywa harufu ya chochote inacholala nacho, ndiyo maana hatupaki hata mafuta ya nywele kazini. Mwezi huo ghala la vifaa lilikuwa linavuja, na katoni za sabuni zilihamishiwa kwenye ghala la chai. Mtu yeyote mwenye ulimi wa siku moja angeigundua asubuhi ya kwanza.

Nikafungua kitambaa.

Watu walikuwa wanaongezewa. Mama mmoja alikuwa ananusa kikombe chake macho yamefumba. Dokta Ladha mwenyewe alikuwa kwenye kikombe cha tatu, midomo inang’aa.

Mama Mkurugenzi akapanda jukwaani karibu anakimbia, Mzee wa Malazi nyuma yake na mkataba.

“Ndugu zangu,” akasema, “furaha yangu sina pa kuiweka. Dokta Ladha amekubali picha yake ikae kwenye pakiti. Mzee wa Malazi anatia sahihi sasa hivi mbele yenu. Na huyu,” akanishika bega, “kuanzia kesho ni Mwonjaji Mkuu. Ulimi huu peke yake unatosha kiwanda.” Akamgeukia Kijiko kwa upole. “Wewe tutaangalia kama kuna nafasi ya ulinzi.”

Kijiko akaanza kupiga makofi, kwa sababu mimi nilikuwa napiga makofi. Alipoelewa anachopigia, mikono yake ikabaki hewani.

Sitajisifu kwamba mimi ni mtu mwema. Mlionifuata tangu mwanzo wa mfululizo huu mnajua nimekwepa mengi. Lakini niliikumbuka sauti yake akisema ana mama mgonjwa, na sabuni ilikuwa bado inanikereketa kooni, na hivyo viwili kwa pamoja sikuweza kuvimeza. Nikajikaza kisabuni, na mnisamehe kwa neno hilo.

“Mama,” nikasema, na maikrofoni ikalichukua. “Chai hii ina sabuni.”

Watu wakacheka. Mmoja akapiga meza.

“Ya unga,” nikaongeza. “Ya kufulia.”

Kicheko kikapungua. Dokta Ladha akatazama kikombe chake. Akanywa kidogo, safari hii bila kufumba macho. Nikaona shavu moja linamcheza.

“Lakini ulisema maua,” akaninong’oneza kwa unyonge. “Mimi nilikunywa maua kwa sababu ulisema maua.”

Meza kwa meza, vikombe vikaanza kurudishwa kwenye visahani.

Mama Mkurugenzi hakupandisha sauti. Ni afadhali angepandisha.

“Sahihi yako iko kwenye kila sanduku, Baba Pacha.”

“Ndiyo Mama. Nilikuwa sisikii ladha. Wiki tatu. Niliogopa kukwambia.”

“Na wewe?”

Kijiko akanitazama. Nikamtazama. “Miaka minane, Mama,” akasema.

“Basi naomba mmoja wenu anijibu,” Mama Mkurugenzi akasema. “Nani amekuwa akionja chai yangu?”

“Hakuna mtu, Mama,” nikasema.

Nilijua barua yangu imeshaandikwa, imebaki kupigwa mhuri tu, na ajabu ni kwamba nilijisikia mwepesi. Nikamtafuta mke wangu kwa macho. Alikuwa amesimama, mikono imeshuka, ananitazama kama siku aliyonikubalia. Nikaanza kushuka jukwaani.

“Wewe, ngoja,” sauti nzito ikasema.

Alikuwa Mzee wa Malazi. Hakuwa amekirudisha kikombe chake. Alikinywa mpaka mwisho, akafuta midomo.

“Mama,” akamwambia bosi wangu, “unajua wageni wangu hulalamika nini? Miaka ishirini, nyumba sitini, lalamiko ni moja. Mashuka hayanukii sabuni. Nimebadilisha madobi. Nimebadilisha mashine. Wapi.” Akanyanyua kikombe kitupu. “Mgeni akinywa hii asubuhi, atajiona amelala pasafi. Nitanunua yote. Tena mara mbili ya tulivyoandika.”

“Mara mbili?” Mama Mkurugenzi akashika meza.

“Kwa sharti. Isibadilike hata kidogo. Najua watu wa ndimi. Ukiwaweka karibu na kitu watakirekebisha. Leo atasema punguza, kesho atasema hamisha katoni, mwisho niletewe chai ya kawaida. Nataka chai yangu ipitishwe na wasiosikia ladha, wawili, mmoja akiugua mwingine awepo. Nikisikia kiwandani kuna ulimi hata mmoja unaofanya kazi, mkataba nachana.”

Kijiko akanyoosha mkono juu kama mwanafunzi. “Mimi hapa, Mzee. Miaka minane.”

“Wewe umepata kazi. Na huyu?”

Mama Mkurugenzi akanigeukia. Uso wake ulikuwa umebadilika kabisa. Ulikuwa uso wa mzazi anayemwonyesha mtoto jibu kwa macho.

“Baba Pacha,” akasema taratibu, “umetuambia wiki tatu ulikuwa husikii ladha. Hilo limepita, tumekusamehe. Sasa mwambie Mzee. Hivi tunavyozungumza, unasikia, au husikii?”

Akanisogezea maikrofoni. Dokta Ladha akanisogezea kikombe, cha moto, kimejaa, ili nijibu nikiwa nimeonja. Wiki tatu nzima nilikuwa nimewadanganya watu kwamba nasikia, nikailinda kazi yangu kwa uongo huo. Na sasa uongo uleule, ukigeuzwa tu, ungeilinda tena.

Nikafyonza kijiko kimoja. Sabuni, kama mwanzo. Lakini chini yake, safari hii nikaisikia vizuri, palikuwa na chai nzuri mno, majani machanga, kazi safi ya mtu fulani huko shambani, na nilikuwa sijaonja kitu kizuri namna ile kwa siku ishirini na mbili.

Sikukusudia. Nililamba midomo.

Mzee wa Malazi, ambaye hakuwa ameniondolea macho, akaanza kuifunika kalamu yake polepole.